Safu ya Chombo

Bika letu lilipasuka asubuhi ya Juni,
hapa Ilula, ukungu bado umelalia mashamba ya nyanya.
Nilimimina sosi ya moto kwenye kioo cha baridi,
kikalia *ta*,
na mililita mia sita zikanishukia magotini.

Bwana Nyenza alisema jipya litaletwa mwezi ujao.
Mwezi ujao ni mgeni asiyefika.
Nikachukua kikombe changu cha chai, cha bati,
chenye ua jekundu ubavuni,
nikakijaza, nikashusha kijiti cha chuma, nikawasha.
Mizunguko ishirini kwa dakika.
Namba ikapanda, ikayumba, ikatulia: elfu saba.
Ndiyo tuliyoagizwa.

"Mhongole, epua!"
Akaitazama sufuria, akanitazama mimi.
"Mbona mapema? Mwiko bado unateleza."
Nikamwonyesha namba. Nani abishane na namba?
Akayavuta magogo ya mlingoti, moja moja, bila haraka.

Wiki tatu tuliepua mapema.
Rundo la kuni likafika dirishani.
Mhongole akapewa kilo mbili za sukari mbele ya watu,
tukapiga makofi,
naye akaushika ule mfuko
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

Kisha simu, kutoka Mbeya. Tusekile,
mpimaji mwenzangu nisiyemjua sura:
"Dada, sosi yenu inakimbia.
Hapa nasoma elfu tano na mia sita."
Nikafungua daftari. Joto, nyuzi ishirini na tano. Na kwake vilevile.
Kijiti namba nne. Vilevile. Mwendo vilevile.
"Basi mashine yako mbovu."
"Yako ndiyo mbovu."
Tukanyamaza, salio likiteketea.
Halafu akauliza, taratibu, kama anayepapasa sindano kwenye mkeka:
"Unapimia kwenye nini?"

Nikalitazama lile ua jekundu.

Kijiti hakionji. Kinachojua ni kukazwa tu.
Kinazunguka, kinaiburuta sosi iliyo jirani,
nayo inaiburuta iliyo nyuma yake,
na kwenye chombo kipana mwendo huo hunyauka wenyewe
kabla haujafika popote.
Lakini bati liko hapa, upana wa kidole,
na bati halisogei.
Sosi inavutwa huku, inashikwa kule,
shuka moja, watoto wawili, usiku wa baridi,
na kijiti, kwa kuuhisi ukuta,
kinasema: nzito.

Mama alilijua hili bila umeme.
Hakukubali tusonge ugali kwenye kisufuria.
"Mkono utakudanganya," alisema,
"utadhani umeiva."
Mimi nilikwenda chuo miaka miwili, nikarudi na cheti, nikasahau mkono.

Jioni niliazima jagi pana kwenye kilabu cha ulanzi,
nikaliosha mara tatu, bado likanuka mwanzi uliochacha.
Sosi ileile, kijiti kilekile:
elfu tano na mia saba.

"Sasa namba ipi ya kweli?" akauliza Bwana Nyenza.
Nikamwambia, zote, kila moja na chombo chake.
Hakupenda.
Nikamwambia, wewe unayenunua nyanya kwa tenga
lililorefushwa mbao mbili juu,
na bei ikabaki ya tenga, huwezi kukosa kunielewa.
Hilo hakulipenda zaidi.

Ndoo arobaini ziko njiani kurudi.
Mhongole ameleta sukari, kilo moja na kidogo,
nyingine imeshanywewa na wanawe.
Hakusema neno. Ameiweka kando ya mashine,
akaenda kuyasukuma magogo ndani.

Nami nimechukua rula, nimechora safu mpya daftarini,
nyembamba, imebanwa kati ya joto na mwendo,
nimerudi nyuma mpaka ile asubuhi ya Juni
na kwenye kila mstari, kwa siku zote zile,
naandika: kikombe.
Cha chai.
Changu.